Alama Nyekundu za Mtaa wa Kati

Sogeeni karibu, na mwenye jibu la haraka alifiche kwanza. Hadithi hii nimeisimulia pengi, na kila pahali imeacha watu wamenuniana.

Palikuwa na mji mdogo uitwao Mtipwili, na katikati yake palikuwa na mtaa uliokufa. Haukuuawa na vita wala tauni. Barabara ya lami ilijengwa kule juu, mwendo wa nusu saa kwa miguu, na watu wakaifuata. Wenye maduka walifunga makufuli wakahama, wakafia huko, na hakuna aliyerudi kudai hata mlango. Mabati yakaliwa na kutu, mbuzi wakalala barazani.

Katika mtaa huo wakaingia watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Sikudhani, mjane, alikuwa na mkono wa kupika: maharage yake ya nazi yakichemka, mtu aliyekwisha kula nyumbani kwake hujuta kushiba. Mzee Kihiyo, fundi mwashi, alikuwa na sikio: akigonga ukuta kwa kidole hujua wapi pazima na wapi panadanganya. Hatibu yeye alikuwa na ulimi. Aliyekuja kumgombeza aliondoka akimwomba radhi.

Sikudhani alitangulia. Mumewe alipofariki, shemeji zake walimtoa nyumbani, naye akaja akavunja kufuli la duka lililotelekezwa, akalala chumba cha nyuma na kuwasha moto barazani. Siku ya kwanza alipika sufuria nzima, na waliokuja ni mbuzi wawili. Hakuzima moto. Harufu ikapanda siku kwa siku hadi barabarani, watu wakaanza kuteremka mmoja mmoja, wakiuliza ni nani huyo anayepika kaburini.

Harufu hiyo ndiyo iliyomleta Kihiyo. Alikula, akanawa, akagonga ukuta aliouegemea.

"Mama, ukuta huu utakulalia," alisema. "Mvua hizi haumalizi."

Akautengeneza. Kisha akaugonga wa jirani, akatikisa kichwa, akautengeneza na huo. Mwaka mzima alikwenda duka baada ya duka kwa udongo, chokaa na mabati ya kuokota, ujira wake bakuli la maharage. Maduka kumi na moja yakasimama tena, lakini matupu.

Hapo ndipo Hatibu alipopanda milimani kwa wanawake wanaolima mboga. Wao gulio lao, soko la kila Alhamisi, lilikuwa kule juu barabarani. Aliwasihi walishushe mtaani. Walimkatalia mara tatu. Mara ya nne akaapa: "Ziacheni nafasi zenu za juu. Mkikosa pa kukaa, aibu iwe yangu mpaka nife." Wanawake arobaini wakashuka na vikapu vyao. Alhamisi ile mtaa ulijaa kelele, na Sikudhani akalia juu ya sufuria akisingizia moshi.

Lakini kizuri hakikosi macho. Alhamisi nyingine alikuja mgeni mwenye shati la bluu na viatu visivyo na vumbi. Alikula mabakuli mawili, akasifu, akatoa daftari.

"Mama, ni nani hasa aliyeufufua mtaa huu?"

Sasa, mnajua tulivyolelewa. Mtu hajisifu mbele ya mgeni.

"Mimi nani, baba?" Sikudhani akacheka. "Muulize Mzee Kihiyo."

"Mimi fundi tu, mwanangu," akasema Kihiyo. "Kazi ni ya Hatibu."

Hata Hatibu, ambaye haya haijawahi kumjua, siku hiyo aliipata wapi sijui. "Mimi nilibeba maneno tu," alisema. "Mwenye mtaa ni mama pale."

Mgeni aliandika kila neno, akaomba saini zao. Wakatia saini wote watatu, kwa kumheshimu mgeni.

Wiki tatu baadaye kila ukuta ulikuwa na alama ya X, nyekundu, rangi bado inachuruzika. Mwisho wa mtaa liliegeshwa tingatinga. Watatu hao wakakimbilia ofisi ya mji, na mgeni yule, kumbe karani wa hapo, akawapokea kwa upole uleule.

"Sheria ya mji inasema jengo lililotelekezwa ni la aliyelifufua," alieleza. "Asipopatikana, huuzwa. Niliwauliza, na kila mmoja alikana kwa saini yake. Mtaa umeshauzwa."

Sikudhani akadakia: "Baba, ile ilikuwa adabu."

"Adabu haina fomu, mama." Akasogeza karatasi. "Tajiri aliyenunua ana huruma. Duka moja litabaki, la yule aliyeufufua mtaa, na wawili wengine hawataruhusiwa kulala wala kufanya kazi humo. Nataka jina moja na saini tatu, kesho saa nne asubuhi. Msipokubaliana, na hilo linaangushwa."

Wakarudi mtaani, wakakaa barazani, na kwa mara ya kwanza wakajisifu.

"Bila moto wangu mngejua mtaa huu upo?" alisema Sikudhani. "Nami sina pengine pa kulala."

"Bila mimi ukuta ungekufukia na moto wako," akajibu Kihiyo. "Nina miaka sabini. Nguvu zangu za mwisho zimo kwenye kuta hizi. Nani atanipa kazi tena?"

"Bila mimi mngebaki kupikiana na kujengeana wawili," akasema Hatibu. "Na wale wanawake? Nafasi zao za juu zimeshachukuliwa. Nikipewa duka watauza barazani kwa zamu. Mimi sitaki hata kulala ndani."

Kila mmoja alisema kweli, na hilo ndilo lililomtisha Sikudhani. Uongo angeuweza. Aliwatazama watu aliowalisha kwa mkono wake, akajikuta anawaona maadui, akajichukia.

Asubuhi tingatinga likanguruma. Kihiyo na Hatibu, wamechoka kununiana, wakamsukumia karatasi.

"Andika wewe, mama, ndiwe uliyetangulia," alisema Kihiyo. "Jina lolote utakaloandika, tutatia saini."

Hatibu aliitikia kwa kichwa bila kumtazama.

Akijiandika yeye, amewafukuza waliomsimamishia kuta na kumjazia mtaa. Akimwandika mwingine, yeye analala wapi leo? Nyuma yake duka la kwanza likaanguka, vumbi likamfunika, na dereva akageuza chuma kuelekea la pili.

Nilipoisimulia kwa mafundi walimtetea fundi, kwa wapishi wakamtetea mpishi, na wauza mboga wakaapa kwa jina la Hatibu. Waligombana mpaka wakaondoka bila kuagana. Sikudhani bado ameinama juu ya karatasi, na mstari ni mmoja. Haya, ishike kalamu wewe unayenisikiliza: ungeandika jina la nani, na wale wawili ungewatazama kwa macho gani?