Hodi ya Tatu

Haya, sogeeni hapa jikoni, niwasimulie ngano yangu kabla chungu hakijaiva.

Hamu ya marehemu mama yake ilimzidi Sikudhani, akashuka bondeni, kwenye kitongoji cha mizimu kando ya mto. Mgeni akikaribishwa ndani huko, harudi tena. Alijua, na ndicho alichokitaka.

Akasimama mlangoni pa mama yake.

"Hodi!" Kimya.

"Hodi, mama!" Ndani, mwiko uliokuwa ukisonga ugali ukasimama.

"Hodi! Ni mimi, mwanao!" Akasikia mtu akilia huku amejiziba mdomo. Lakini karibu haikutoka.

Hodi ya tatu isipoitikiwa, mgeni huondoka. Sikudhani akageuka. Njia aliyokuja nayo, iliyojaa miba na vichaka, sasa ilikuwa imefagiliwa safi, mpaka nyumbani kwake.

Naishia hapo. Mwenye mama nyumbani, akapige hodi aitikiwe.