Nyumba Inayoingiwa Kinyumenyume

Hapo zamani za kale, zile zamani ambazo ngiri walijifunga kanga na fisi walivaa kanzu, nyika iliungua moto. Msiniulize nani aliuwasha, mimi sikuwapo. Na nyie wa nyuma, acheni kusukumana, mtapitwa na utamu.

Moto ulipozimika, Bi Ngiri alikwenda kutafuta mizizi kwenye majivu. Chini ya jiwe akasikia, "Wiii! Wiii!" Akainama. Akaona kitu kidogo cha mviringo, manyoya yameungua nchani, macho yamemtoka. Alikuwa simbilisi, jamaa wa panya asiye na mkia, na hakuwa na mama wala ndugu.

Bi Ngiri mwenyewe alikuwa mjane, na hakujaliwa mtoto. Akamfunga simbilisi yule kwenye pindo la kanga, akashika njia ya nyumbani mbio, tutu! tutu! tutu!

"Nimepata mwana! Jamani, nimepata mwana!" akawa anapiga kelele njia nzima.

Kelele zile zilimwingia Simbilisi masikioni kama radi. Alipowekwa chini jikoni tu, chwii! akajichomeka kwenye rundo la kuni, akaenda kujibana nyuma kabisa, ukutani.

"Toka, mwanangu! Jina lako nani?"

Bi Ngiri akaingiza mkono kutoka juu ili amtoe. Masikini, hakujua. Simbilisi aliwahi kumwona mwewe akishuka kutoka juu vilevile, na aliyeshukiwa siku ile hakurudi. Akauma kidole, ng'wa!

"Yalaa!" akapiga yowe Bi Ngiri.

Basi urafiki wao ulianza hivyo, mmoja ananyonya kidole na mwingine anatetemeka gizani.

Kutoka mle kwenye kuni, Simbilisi akaanza kupeleleza. Kila asubuhi Bi Ngiri alimletea majani mabichi na kipande cha tango. "Ananinenepesha," akawaza Simbilisi. Halafu akaona sufuria kubwa juu ya mafiga. "Mtu anaishi peke yake, sufuria ya kupikia harusi ni ya nini?" Siku ya tatu Bi Ngiri akaleta chungu kilichopasuka mdomo, akakilaza ubavu, akajaza nyasi kavu ndani.

"Haya, mwanangu, ingia humu. Ni chako."

"Chungu!" Simbilisi akasisimkwa mwili mzima. "Yaani niingie chunguni kwa miguu yangu mwenyewe! Labda na chumvi nijipake!"

Lakini lililomtisha kuliko yote lilikuwa jambo moja la ajabu. Nyumba ya Bi Ngiri ilikuwa na mlango mwembamba na ushoroba mwembamba, ukifika hadi jikoni. Na kila Bi Ngiri aliporudi nyumbani, hakuingia kama watu wengine. Aligeuka nje, akaingia kinyumenyume, mkia kwanza, makalio yakifuata, kichwa mwisho. Jioni alijilaza palepale kwenye ushoroba, yale meno yake yaliyochomoza kama pembe yakielekea nje, mwili wote umeziba njia.

"Ananizibia mlango," akawaza Simbilisi. "Hataki nitoroke."

Tangu hapo akaanza kuchimba tundu nyuma ya kuni, kidogokidogo, kwa kucha. Na majani akawa anakula nusu tu, asije akanenepa.

Bi Ngiri alihuzunika sana. Akamweleza jirani yake, Bi Chiriku, ambaye hakuna jambo asilolijua wala jambo aliloweza kulinyamazia.

"Shoga, wewe unamtisha," akasema Bi Chiriku. "Domo lako kubwa, mkono wako mzito. Kaa chini. Nyamaza. Shika jani mkononi, umsubiri aje mwenyewe."

"Mpaka lini?"

"Mpaka atakapotaka yeye. Mtoto wa kulea si kiazi, huwezi kumng'oa."

Bi Ngiri akatii. Akakaa sakafuni, jani la mchicha mkononi, tangu asubuhi mpaka jua likawa utosini. Mguu ukafa ganzi, hakusema. Nzi akamtua puani, hakumfukuza. Mle ndani ya kuni Simbilisi akatoa pua. Akatoa sikio. Akasogea hatua moja, ya pili, ya tatu, masharubu yakaligusa lile jani...

"CHYAAA!" Yule nzi alikuwa ameingia puani.

Simbilisi alirudi kwenye kuni kabla chafya haijakwisha. Bi Ngiri akajifuta pua kwa kanga, kisha akajifuta na macho.

Bi Chiriku naye akaenda kuitangaza habari ile kisimani, njiani, kila alikotua. "Bi Ngiri kapata mtoto, kadogo, kanono, ila hakamtaki!" Na hapo kwenye neno "kanono", ndugu zangu, palikuwa na mtu nyuma ya kichaka aliyesimamisha masikio. Nani huyo? Bwana Fisi.

Kesho yake, Bi Ngiri alipokwenda kuchimba mizizi, mlangoni pakasikika sauti laini yenye asali.

"Hodi, hodi! Mwana wa dada yangu yumo?"

Simbilisi akajibana zaidi ukutani.

"Mimi mjomba wako, mwanangu. Kaka wa mama yako, tumbo moja."

"Shikamoo," akajibu Simbilisi kutoka ndani ya kuni. Adabu hakuiacha, hata kwa mtu asiyemwamini.

"Marahaba! Ah, hata sauti ni ya mama yako." Fisi akaingiza kichwa na shingo, akanusa huku na huku. "Nimekuja kukuokoa. Hivi huoni? Anakulisha ili iweje? Na kwa nini anaingia kinyumenyume? Umewahi kuona mtu mwema anaingia kwake kinyumenyume? Anakuzibia mlango, mwanangu!"

Simbilisi akashtuka. Maneno yale yalikuwa yake mwenyewe, neno kwa neno! Akasogea mbele kidogo. Kwa mara ya kwanza tangu moto, mtu alikuwa amefikiri kama yeye.

"Ulimjua mama yangu kweli?"

"Kumjua? Mama yako, ah!" Fisi akafumba macho, akalamba midomo. "Mama yako alikuwa mtamu..."

Masikio ya Simbilisi yakasimama.

"...mtamu wa maneno," akamalizia Fisi haraka. "Mwenye maneno matamu, namaanisha."

Simbilisi akarudi nyuma ile hatua aliyosogea. Wiki nzima alikuwa amemshuku Bi Ngiri, na shuku bado zilikuwa tele, za kumtosha na mjomba.

"Mjomba," akasema kwa upole, "nimekuwa mpweke hata nimesahau. Hebu nikumbushe, sisi simbilisi tukifurahi sana hufanyaje?"

"Ah, hilo tu? Tunacheka! Hihihii! Halafu tunakula."

Mnajua simbilisi akifurahi anavyofanya? Huruka! Hurushwa juu na furaha yake mwenyewe, truk! truk! kama bisi kwenye kikaango. Mjomba gani asiyelijua hilo?

"Kweli kabisa, mjomba," akasema Simbilisi. "Njoo kesho saa hizihizi unichukue. Leo bado ninaumwa mguu."

Fisi akaurefusha mkono kuelekea kwenye kuni, haukufika. Akatazama nyuma yake, akaona mkia wake uko nje, na mwenye nyumba anaweza kutokea wakati wowote. "Kesho, basi," akasema, akaondoka akimeza mate.

Alipobaki peke yake, Simbilisi akawa na kazi ya kuwaza. Mjomba ni mwongo, hilo limekwisha. Lakini uongo wa mmoja haumfanyi mwingine kuwa mkweli. Huenda wote wawili wanamtaka, tofauti ni sufuria tu! Tundu lake lilikuwa limebakiza udongo wa kiganja kimoja kutoboka. Angeweza kutoroka jioni ileile. Lakini atokee wapi? Kwenye majivu, na Fisi yuko hukohuko.

Jua lilipoinama, Bi Ngiri akarudi. Mkia, makalio, kichwa. Akajilaza ushorobani. Na hapo, kwa mara ya kwanza, kutoka kwenye kuni ikatoka sauti.

"Kwa nini unaingia kinyumenyume?"

Bi Ngiri nusura aruke. Lakini alikumbuka maneno ya Bi Chiriku, akajibu polepole, bila kugeuka.

"Ndivyo tulivyolelewa sisi ngiri, mwanangu. Adui akija mlangoni akute pembe, asikute mkia. Mtoto anakaa nyuma. Mimi nikikaa hapa, atakayekutaka wewe aanze na mimi."

"Na ile sufuria?"

"Sufuria? Ya marehemu mume wangu. Alikuwa mlaji huyo, acha tu! Sina moyo wa kuitoa."

"Na chungu?"

"Nilidhani unapenda kujificha. Kuni zinachoma, nyasi ni laini."

Maneno ni maneno tu, akawaza Simbilisi. Hata Fisi anayo. Kisha akasema, "Kesho usiende kuchimba. Kaa ndani. Nina mgeni."

"Mgeni gani?"

"Utamjua ukimwona mkia."

Kesho yake, saa zilezile, "Hodi, hodi, mwanangu! Mjomba nimefika!"

Bi Ngiri alikuwa ushorobani kwenye kivuli, pembe mbele, amebana pumzi. Simbilisi alitaka kujibu kutoka kwenye kuni, lakini Fisi akasema, "Mbona sauti iko mbali? Sogea mlangoni nikusikie, la sivyo siingii."

Hapo Simbilisi akaishiwa ujanja. Ili Fisi aingie, ilimbidi atoke kwenye kuni, apite karibu na ule mkono mzito, akasimame chini ya kidevu cha Bi Ngiri, palepale kati ya zile pembe. Kama amekosea kumhusu, basi amekwisha. Akatazama nyuma kwenye tundu lake. Akamtazama Bi Ngiri. Bi Ngiri hakuunyoosha mkono. Aliuweka chini sakafuni, akaufungua, akautuliza.

Simbilisi akapita. Akasimama chini ya kidevu.

"Nipo hapa, mjomba!"

"Aaa, sasa nakusikia! Nakuja!"

"Ngoja! Usiingie kwa kichwa, ushoroba ni mwembamba, utageukia wapi? Bi Ngiri akirudi atakukuta umekwama. Ingia kinyumenyume. Mimi nakupanda mgongoni, halafu wewe unachomoka mbele mbio!"

Fisi akacheka kimoyomoyo. Kitoweo kinajipakia chenyewe! Akageuka, akapandisha kanzu, akaanza kuingia. Mkia. Makalio.

"Mbona panatoa harufu ya ngiri?"

"Nyumba ya ngiri, mjomba, ulitaka inuke marashi? Rudi nyuma kidogo."

"Hapa?"

"Bado kidogo."

"Hapa je?"

"Hapohapo, mjomba! Tulia, nakupanda."

Simbilisi akaruka pembeni. "Sasa, mama!"

PWAAA!

"Yalaaa! Nakufa! Mtoto ana pembe! Mtoto ana pembeee!" Fisi alichomoka kama alivyoahidiwa, mbele na mbio, kanzu imebaki mlangoni vipande viwili. Na mkimwona fisi leo anatembea nyuma kumeinama, msimcheke sana. Bado panauma.

Vumbi likatulia. Simbilisi akamtazama Bi Ngiri, akaona miguu yake yote minne inagongana.

"Unatetemeka!"

"Nilikuwa naogopa, mwanangu. Yule Fisi ana meno."

"Sikudhani..." Simbilisi akaanza. Alitaka kusema sikudhani kwamba mkubwa kama wewe unaogopa, na sikudhani ungekaa mlangoni hata hivyo.

Lakini Bi Ngiri, masikio bado yanavuma kwa mayowe ya Fisi, akashika neno la kwanza tu. Uso ukamchanua.

"Sikudhani! Kumbe ndilo jina lako! Wiki nzima nakuuliza, Sikudhani wangu, jina zuri hilo!"

Simbilisi hakumsahihisha. Akalichukua jina, na siku ileile akakirudishia udongo kile kitundu chake cha nyuma ya kuni, akaenda kulala chunguni.

Asubuhi Bi Ngiri akakaa sakafuni, jani la mchicha mkononi, kimya. Sikudhani akatoka chunguni akaja moja kwa moja, akaanza kulila jani mkononi mwake, kwichi kwichi kwichi. Nzi akazunguka, akazunguka, akatua puani mwa Bi Ngiri.

"CHYAAA!"

Sikudhani hakukimbia. Alitafuna mpaka akamaliza, kisha akaruka juu, truk! truk! truk! jikoni kote, na Bi Ngiri akabaki anauliza, "Jamani, mwanangu ana nini?"

Nami nawaambia nyie mlio mbele yangu na hao wasukumanao huko nyuma: mkimshuku mtu muulizeni, kisha mtazame pembe zake zimeelekea wapi.