Fundi Aliyeonea Wivu Jibu Lake Mwenyewe

Ndugu zangu, mlio nyuma sogeeni mbele, viti vya mbele haviumi. Leo nataka kuwasimulia habari za fundi mmoja wa kutengeneza tovuti. Naona mnatazamana. Mnajua kwamba simu yangu mimi huwa inarekebishwa na binti yangu, na hata yeye hurekebisha huku anasonya. Ni kweli. Lakini wivu hauhitaji kujua kompyuta, na kwenye somo hilo mimi ni mtaalamu.

Huyu fundi nimempa jina la Mwakalinga, kwa sababu nimepitia daftari la washirika na hapa hatuna Mwakalinga hata mmoja. Sitaki mtu aje kuninunia mlangoni.

Basi Mwakalinga alikuwa na miaka tisa katika ofisi yao, kule nyanda za juu, kwenye mji ambao asubuhi mtu anapiga mswaki akiwa amevaa koti. Mwenye ofisi akatangaza kwamba anakwenda kufungua tawi mji mwingine, na mwisho wa mwezi atamchagua mmoja wao awe mkuu wa ofisi. Mwakalinga hakuuliza ni nani. Alikwisha kuipima meza ya mkuu kwa macho, na kuamua kalenda itaning'inia ukuta gani.

Katika wateja wake wa mwanzo alikuwapo mama mmoja anayetotolesha vifaranga na kuwauza wakiwa wa siku moja. Siku hiyo hiyo ya tangazo mama akamtumia ombi kwa ujumbe wa sauti: anataka tovuti yake iwe inawakatalia watu kununua. Mmesikia vizuri? Mwenye duka anaomba duka lifukuze wateja. Mwakalinga akamjibu kwa neno ambalo nimelisikia kwa fundi bomba wa Lubumbashi, kwa fundi saa wa Muscat, na kwa fundi cherehani wa hapa hapa nyuma ya kanisa: "Mama, hiyo haiwezekani." Akamweleza kwamba kazi ya tovuti ni kuuza, akarudi kwenye chai yake.

Mama hakugomba. Alipeleka ombi lake kwa dada mmoja, fundi wa ofisi hiyo hiyo, aitwaye Mbonea, mwenye miaka miwili tu pale. Mbonea akaelewa shida ilipo. Watu walikuwa wanaagiza vifaranga mia moja, boksi linafika, na nyumbani hakuna hata kona yenye joto. Kukipambazuka, sitini wamekakamaa, na matusi yote yanakwenda kwa mama. Basi Mbonea akaitengeneza tovuti hivi: mteja anachagua idadi ya vifaranga na siku ya kuwachukua, lakini kitufe cha kulipia hakifunguki mpaka atume picha ya banda, jiko la mkaa limewashwa au taa inawaka. Mama anaitazama ile picha, akiridhika anamfungulia.

Ndugu zangu, watu walipenda. Wakaanza kushindana kwa mabanda. Wengine walipiga picha wakiwa wamevaa suti. Vifaranga wakapona, matusi yakakoma, na mama akaja ofisini na trei tatu za mayai, akamkumbatia Mbonea mbele ya watu wote.

Mwakalinga akala mayai yale kama mtu anayemeza misumari.

Tangu siku hiyo hakupata raha. Mbonea akicheka kwenye simu, yeye anahisi anachekwa. Mwenye ofisi akimsifu Mbonea, yeye anashikwa na kikohozi. Alikuwa akiifungua ile tovuti ya vifaranga mara kumi kwa siku, si kwamba anafuga, bali anaomba aikute imekufa. Akawaambia wenzake ni bahati ya mgeni tu.

Msimcheke sana. Mimi mwaka jana nilialikwa Tanga, kwa mchungaji rafiki yangu tuliyesoma pamoja. Kwaya yake ilipoanza kuimba, mdomo wangu ulisema amina, lakini macho yalikuwa yanahesabu viti. Nilipofika mia nne nikaanza kuumwa kichwa. Nikasingizia joto.

Haya. Wivu ukikaa sana unataka kazi ya kufanya. Akaja mteja mwingine, mwenye gesti, na ombi dogo: mji ule ni wa baridi na umeme hukatika, kwa hiyo tovuti imwambie mgeni kama leo maji ya moto yapo. Mwakalinga hakumwacha amalize. Alimwambia, "Mzee, tulia. Nitakutengenezea ya kisasa." Mnajua alichofanya? Aliweka picha. Mgeni hapati chumba mpaka apige picha ya mizigo yake na kuituma. Mgeni mmoja aliandika kuuliza kama pale ni gesti au ni forodhani. Wengine hawakuandika chochote, walikwenda gesti ya jirani. Wiki mbili vyumba vikalala wazi, na maji ya moto hakuna aliyejua kama yapo.

Mwenye gesti akaja ofisini mwenyewe, amekunja uso. Mwisho wa mwezi ulipofika, meza ya mkuu alipewa Mbonea.

Siku ya tatu, saa ya chakula cha mchana, Mwakalinga akamfuata.

"Mbonea dada yangu," akasema, "mimi ndiye niliyekuonyesha hata choo cha ofisi hii kiko wapi. Sasa niambie ukweli. Ile akili ya picha uliitoa wapi?"

Mbonea akadhani anataniwa. "Kaka, ile si akili yangu. Ni ya mama mwenyewe. Akiwa anauza kwa mkono humwambia mteja amwonyeshe kwanza picha ya banda, ndipo ampe boksi. Mimi nimeigeuza tu ikawa kitufe."

"Alikuambia lini?"

"Kwenye ujumbe wa sauti. Si ule ule aliokutumia wewe? Mimi alinirushia baadaye, vilevile ulivyo. Una dakika nane, na hilo la picha liko kwenye ya sita. Nilidhani umesikia, ukaona haifai."

Mwakalinga alikuwa amesikiliza dakika moja.

Akarudi mezani kwake, akautafuta ule ujumbe, akaweka simu sikioni. Dakika ya kwanza salamu na ombi. Ya pili na ya tatu mama anaeleza vifaranga wanavyokufa. Ya nne jogoo anawika, mama anamfukuza. Ya sita, picha, kama alivyoambiwa. Akataka kuzima, lakini akauacha uendelee. Dakika ya nane yule mama alisema hivi:

"Mwanangu, najua naongea sana, na watu hunikata maneno. Nimeanza na wewe kwa sababu wewe ulinivumilia tangu sijui hata kuwasha simu. Wewe utanisikiliza."

Sasa sisi tuliokaa hapa. Tunapomwonea jirani wivu, huwa tunamlalamikia nani? Si tunamwambia Mungu kwamba alipita mtaani akaruka nyumba yetu? Je, kama hakuruka? Kama alianza na kwako, akagonga, akakaa, akaanza kueleza, na wewe ukamjibu haiwezekani kabla hajafika alikokuwa anakwenda? Kile unachomwonea Mbonea wako wivu, una uhakika hukukikataa wewe?

Na usinitafutie mfano wa mbali. Mkeo ana jambo amelianza tangu Alhamisi, na kila akilianza wewe unalimalizia kwa niaba yake. Baba yako mzee anapiga simu, unaiweka mezani huku unasema "ndiyo baba, ndiyo baba." Mwanao ana swali, na wewe ulikuwa na jibu kabla hajafungua kinywa.

Leo sitaomba sadaka ya pili, mzee wa kanisa usinitazame hivyo. Ninachoomba ni kimoja. Mkifika nyumbani, mtafute huyo mtu, ukae, ufunge mdomo, mpaka anyamaze mwenyewe. Akinyamaza, subiri kidogo tena. Huenda lile alilokuja nalo kwako kwanza bado hajalisema.