Mume wa Ng'ambo ya Mpaka

Ndugu zangu, leo nataka tutoke kidogo humu kanisani, twende matembezini. Msishike mifuko, nauli nimeshalipa mimi.

Huko Rungwe, kwenye baridi na parachichi, walikuwako mzee mmoja na mkewe. Majina yao siyataji, maana naijua midomo yenu. Tuwaite kama majirani walivyowaita, Baba Sekela na Mama Sekela. Mzee alikuwa mnunuzi wa parachichi mwenye ghala lake kando ya barabara, tena mzee wa kanisa. Mtu wa heshima zake. Akipita, vijana walizima pikipiki kumwamkia. Nyumbani alikuwa na kiti ambacho hata paka alikiheshimu. Chakula kinaletwa, maji ya kunawa yanaletwa, viatu vinaletwa. Hakuwa mkali, nisimsingizie. Hakuwahi kumwinulia mkewe mkono wala kumnyima kitu. Alikuwa tu mume kama alivyofundishwa na baba yake, na baba yake kama alivyofundishwa na babu. Wakienda sokoni, yeye mbele mikono mitupu, mama nyuma na kikapu. Mnacheka nini? Kwani nyie leo mmekujaje kanisani?

Basi binti yao akaolewa, nyumba ikabaki kimya. Mwaka huo huo wakaalikwa harusi Iringa, wakalala nyumba ya wageni. Asubuhi Mama Sekela anaamka, anapapasa upande wa pili wa kitanda, hakuna mtu. Akajua mzee ametoka kutafuta wenzake wa kuongea nao. Mara mlango ukasukumwa kwa goti. Baba Sekela huyo anaingia, mkono mmoja chupa ya chai, mkono mwingine chapati zimefungwa kwenye gazeti, na kikombe kinaning'inia kidoleni.

"Mama Sekela, kunywa chai ingali moto."

Mama wa watu akamtazama kama mgeni aliyekosea chumba. Katika maisha yao yote ya ndoa hakuwahi kutengewa chai na mwanaume huyu. Akainywa polepole, haulizi kitu, maana aliogopa kwamba akiuliza tu, mzee atazinduka.

Jioni wakarudi Rungwe. Begi mzee alikuwa amelibeba mwenyewe tangu Iringa. Walipoteremka stendi, mahali anapofahamika, akamkabidhi mkewe, akakohoa, akatangulia. Mume wa Iringa alikuwa amebaki Iringa.

Haya niambieni, mwanamke mwerevu hufanya nini hapo? Anagomba? Anamshitaki kwa mchungaji? Mama Sekela hakufanya hivyo. Alianza kupenda safari.

"Baba Sekela, baridi hii inaniua mgongo. Twende Matema tukaote jua." Wakaenda, na kule mzee akamchambulia samaki miiba kwa vidole vyake mwenyewe. "Baba Sekela, nasikia Mbamba Bay kuzuri." Wakaenda. Wakavuka kwenda Zambia kutazama maporomoko ya maji, na mzee akamshikia mwavuli mpaka yeye mwenyewe akalowa kama kifaranga. Ikawa desturi yao. Ijumaa mzee anafunga ghala, Jumapili asubuhi wanasali huko huko waliko, jioni wako nyumbani. Na mimi nasema wazi kwamba nawapenda watu hawa. Ni wanandoa wangapi humu ndani ambao wakikaa pamoja siku mbili bila televisheni, maneno hayatawaishia?

Kina mama wa kanisani walimtania. "Mwenzetu unakula raha! Ni maji gani hayo, kila mwisho wa wiki yanatazamwa hayaishi?"

"Ni maji tu, dada," anajibu, anatabasamu. Alimficha yule mume wake wa safarini kama mtu anavyoficha ndizi mbivu kwenye nyumba yenye watoto wengi. Akisema, watamcheka mzee. Mzee akichekwa, basi tena.

Mwishowe Mama Sekela akaomba kitu kikubwa. Wapate nyumba yao ng'ambo, Malawi, kando ya ziwa, wawe wanakwenda kupumzika. Mzee akadhani mkewe amelipenda ziwa. Akauza shamba la mikaratusi, wakafuata taratibu za wenzetu kule, wakapata kijumba cha vyumba viwili juu ya mwamba, chenye baraza na pampu ya maji uani. Lakini mama hakuwa akitafuta nyumba ya kupumzikia. Alikuwa anamtafutia yule mume mwingine makazi, asiendelee kutangatanga kwenye nyumba za wageni.

Na kweli, ndugu zangu, yule bwana akahamia! Kule hakuna aliyemjua. Alipiga pampu, akabeba ndoo, akapika ndizi na kuziunga mwenyewe, akakaa chini mkekani na mkewe wakacheka mambo ya ujana wao. Mama Sekela alikuwa na furaha ambayo hakuijua hata siku ya harusi yake. Ila kila safari ilikuwa na mwisho wake pale mpakani Kasumulu. Wakishagongewa mihuri upande wa Tanzania, begi lilihama mkono bila mtu kusema neno. Na kila alipolipokea, Mama Sekela aliona uchungu wa mtu aliyefiwa.

Sasa, huku nyumbani maneno hayakukaa kimya. Kijumba cha vyumba viwili kikawa jumba la ghorofa. Wakasema mzee kaajiri wapishi, kaajiri na wafuaji. Ikatokea kwaya yao ikaalikwa kwenye tamasha huko huko Malawi, na aliyeiongoza ni mzee wa kanisa mwenzake Baba Sekela. Njiani akasema, "Jamani, tupitie kwa mwenzetu tukalione hilo jumba." Kupiga simu kwanza? Nani? Sisi kwetu mgeni hujitangaza kwa hodi.

Ilikuwa Jumamosi, jua zuri. Baba Sekela amechuchumaa uani mbele ya beseni, mikono ya shati ameikunja, povu limefika viwikoni. Anafua na kuimba. Mama Sekela ameketi mkekani anakula mahindi ambayo mzee amemchomea. Na kilichokuwa mikononi mwa mzee wakati huo, mtanisamehe kwa kulisema kanisani, ni gauni la kulalia la mkewe, la maua ya zambarau.

Basi la kwaya likasimama. Kwaya ikateremka na sare zake, mzee mwenzake mbele, wakazunguka nyumba wakitafuta jumba. Wakamkuta mzee wao. Kwaya nzima, kuanzia sauti ya kwanza mpaka besi, ikakosa sauti.

Yule mzee mwenzake alikuwa muungwana. Alimtazama, akalitazama gauni, akasema kwa upole, "Poleni sana, mzee mwenzangu. Sisi hatukuwa na habari. Mama anaumwa?"

Mmeelewa hapo? Kwetu mwanaume hafui nguo za mkewe mpaka mke awe kitandani, hajiwezi. Kwa hiyo yule muungwana hakuwa anamdhihaki mwenzake. Alikuwa anamfungulia mlango wa kutokea. Baba Sekela aseme tu, "Ndiyo, ndugu yangu, anaumwa," na heshima yake yote inarudi mahali pake.

Mama Sekela aliuona mlango huo kabla ya mtu yeyote. Akaweka hindi chini. Akashika kiuno, akainama, akakunja uso kama mwenye maumivu. Alikuwa tayari kuchechemea mbele ya kwaya nzima. Maana alijua kwamba mumewe akiaibika hapa, yule mume wa ng'ambo amekufa leo, na hatamwona tena maisha yake yote.

Baba Sekela akageuka, akamwona mkewe alivyojikunja. Kisha akasema, "Mama Sekela, nyooka. Nyooka, mke wangu."

Akamgeukia mwenzake. "Mama mzima kabisa. Nafua kwa sababu nguo zimechafuka."

Hakuna aliyecheka. Mzee mwenzake akasema, "Aa, sawa. Ugenini si nyumbani, bwana. Huku nani anakuona?"

"Wewe umeniona."

"Mimi nitanyamaza. Hata hawa vijana nitawaonya."

"Usinyamaze," akasema Baba Sekela. "Ukinyamaza, nitarudi kule nikawe yule yule."

Akasuuza gauni, akalikamua, akalianika kwenye kamba mbele ya macho yao. Halafu akaingia jikoni kuwapikia wageni chai. Waliinywa wakiangalia ndani ya vikombe, wakaaga, wakaondoka.

Basi lilipopotea kwenye kona, mzee akaketi mkekani. Mkewe akamwuliza, "Ulifunguliwa mlango. Kwa nini hukusema naumwa?"

"Nilitaka kusema," akajibu. "Neno lilikuwa mdomoni. Ndipo nikakuona umeshika kiuno. Nikaona mke wangu yuko tayari kuugua ili mimi nibaki mkubwa. Nikaona hiyo ndiyo aibu, mama, siyo hili beseni."

Mama Sekela akasema, "Unajua kwa nini nilitaka nyumba hii?"

"Si kwa ajili ya ziwa?"

"Ziwa silipendi. Nikilitazama sana napata kizunguzungu. Matema sikuipenda, Mbamba Bay sikuipenda, yale maporomoko yalinitisha tu. Nilikuwa nakufuata wewe. Huku ndiko ulikokuwa unapatikana."

Mzee huyu, ambaye vijana huzima pikipiki kumwamkia, akajifunika uso kwa mikono yenye harufu ya sabuni, akalia.

Mnataka kujua kama nyumba waliiuza? Hawakuiuza, na wala haiwahusu. Mimi nawasifu wote wawili. Namsifu mama kwa uvumilivu wake na akili zake. Namsifu mzee, maana kumwaga heshima ya kurithi mbele ya kwaya yako mwenyewe si mchezo, na wengi wetu tungesema mama anaumwa.

Lakini sikuja hapa ili tumsifu mtu wa Rungwe halafu twende tukale. Nataka tujiulize. Sisi mpaka wetu uko wapi? Wewe dada wa dukani, kila mteja kwako ni "karibu mpendwa", halafu mlangoni kwako unaingia na uso umefungwa kama kituo cha kodi siku ya sikukuu. Wewe baba, kijiweni hakuna mchekeshaji kama wewe, lakini mtoto wako akisikia geti linafunguliwa anameza kicheko chake. Hata sisi tunaovaa majoho, tuna sauti ya mimbarini na sauti ya mezani. Wageni tunawapa mtu wetu mzuri. Nyumbani tunapeleka yale yaliyobaki.

Na ninyi mlioshika kiuno, nawaona. Mnaugua magonjwa msiyokuwa nayo ili heshima ya mtu isianguke. Mungu anawaona pia, na hakuwaumba mkae mmejikunja.

Ndugu yangu, ndani yako yumo mtu mwema. Wahudumu wa hoteli wanamjua, wateja wako wanamjua, hata askari wa barabarani anamjua. Mkeo na watoto wako hawajawahi kumwona. Watamsikia kwa mara ya kwanza siku utakapokuwa umelala ndani ya jeneza, wasifu wako unasomwa: alikuwa mpole, alikuwa mcheshi, alipenda kusaidia. Na watoto wako, pale mbele, watatazamana wakiulizana kimoyomoyo, huyu anayesemwa ni nani?

Usiwangojeshe mpaka siku hiyo. Mpeleke nyumbani leo, wamjue angali anapumua.