Nyuki wa Shimo la Saba

Hapo zamani, wala si zamani ya babu zetu, alikuwako dada mmoja aitwaye Mghoi. Kazi yake ilikuwa kukata nyasi kwa mashine katika uwanja wa gofu ulioko milimani, huko Taita. Uwanja ule ulikuwa na sheria iliyoshinda zote: mchezaji asisumbuliwe. Akikaribia, zima mashine. Akipita, washa. Aliyemkera mchezaji alifukuzwa siku hiyo hiyo.

Asubuhi moja Mghoi alizima mashine karibu na shimo la saba, akamsubiri Mzee Shirao, mwenyekiti wa klabu, amalize kucheza. Katika ule ukimya akasikia mvumo. Akatazama juu. Tawi la mkaratusi lilikuwa jeusi, linachezacheza bila upepo.

Nyuki! Alijua nyuki hawapendi ngurumo ya injini.

Nyambu, mbebaji wa fimbo za gofu za mzee, akampungia mkono. "Dada, washa! Tumemaliza, na nyuma yetu kuna wageni wanangoja umalize!"

"Nyambu, hapa kuna..."

"Washa, dada! Utatufukuzisha kazi!"

Mghoi aliwaogopa nyuki, ila kufukuzwa alikuogopa zaidi. Akawasha.

Wingu likashuka kutoka mtini, likamwendea mzee. Mzee akakimbia kidogo, akaanguka kifudifudi, akawa anajipiga usoni, sauti haimtoki.

Nyambu akamlalia, akamfunika kwa mwili wake. Nyuki wakamjaa mgongoni, hakuondoka.

Mghoi alikuwa na njia wazi ya kukimbilia. Lakini aliipandisha injini ikanguruma kwa nguvu zote, akaielekeza korongoni, na nusu ya wingu ikamfuata ikimuuma uso na shingo.

Mwandawiro, aliyesimamia maji ya kumwagilia nyasi, akasikia mayowe ya Nyambu, akafungulia mabomba yote. Maji yakaruka juu, na nyuki waliobaki wakatawanyika.

Mzee alipona. Jicho la kushoto la Mghoi halikuona tena vizuri.

Siku aliyotoka mzee hospitali, aliwaita wote watatu. "Kuna nyumba moja ya wafanyakazi. Atakayeingia hatatolewa hata akizeeka. Nimeruhusiwa kumpa mmoja tu."

Nyambu akasema, "Mzee, mwili uliokufunika ni wangu. Bila mimi, maji yangekukuta maiti."

"Na bila maji mngekufa wawili," akasema Mwandawiro. "Tena ni wewe uliyemlazimisha dada awashe."

"Nawe je? Uliniambia mwenyewe kwamba uliwaona nyuki alfajiri. Mbona ulinyamaza?"

Mwandawiro akainama. "Niliogopa. Ningesema, shimo lingefungwa, wachezaji wangelalamika. Nikadhani wanapita tu."

Mghoi alizungumza kwa shida. "Mimi niliwavuta wakaniandama, mzee. Lakini mimi pia ndiye niliyewasha, na nilikuwa nimeshawaona."

Mzee Shirao akasema polepole, "Na ile sheria iliyowatia hofu nyote, niliitunga mimi."

Akauweka ufunguo wa nyumba mezani, asimtazame mtu.

Haya, nyinyi mliosikia yote: Nyambu, Mwandawiro, Mghoi. Je, ni nani aliyestahili kuuchukua ufunguo ule?