Dume Mmoja wa Bi. Luvanda

Obadia Tweve alifumba macho mbele ya kikundi kizima cha wafugaji wa kondoo, akatumbukiza mkono guniani, akavuta kitu chororo akakibana shingoni.

"Hii hapa!" akatangaza. "Nimeendesha lori hadi Lubumbashi, nimelalia mablanketi ya kila taifa, ulaini kama huu sijapata kuuona!"

Sufu ikalia nyau.

Alikuwa paka wa shemeji yake Sekela, aliyejilalia guniani kukimbia baridi ya Makete. Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Bi. Luvanda, mfumaji aliyetoka Njombe kununua sufu, hakucheka.

"Mimi nafuma shali za vichanga," alisema. "Mtoto akiwashwa, mama yake harudi kwangu, nami sirudi kwenye mlima huu. Atakayenichagulia sufu vizuri nitamwachia dume yule. Na alale zizi moja, sitaki azungushwe kama mwali."

Alionyesha garini. Kondoo dume wa sufu laini, katulia kama bwana harusi.

Tweve akamsahau paka. Sufu ya kondoo wake kila mwaka iliishia kujaza mito ya kulalia. Kwa dume kama huyu, wanakondoo wangezaliwa na sufu ya kuvaliwa na watu. "Leo," akajiapiza, "hata shingo ichubuke."

Sasa vijueni vipaji vya watatu waliojitokeza kuchagua. Tweve alikuwa na shingo: sweta ya kawaida tu ilimtoa machozi, aibu kubwa kwa dereva wa lori. Sekela alikuwa na macho: aliona mawimbi ya unywele mmoja, akajua yakibanana sufu ni laini, yakiachana ni nene. Enea, mwalimu wa kwaya, alikuwa na sikio: alivuta kishungi cha sufu karibu nalo, akakidonoa kama uzi wa gitaa.

Wakaanza. Furushi moja likaituliza shingo ya Tweve, likaimba vizuri sikioni mwa Enea. Sekela akalikunjua mpaka upande wa mapajani.

"Shemeji, umeonja bega tu. Huku nyuma mawimbi yamelala kabisa. Hapa umemnunulia mtoto mkeka."

Likatupwa kando.

Likaja lingine. Sekela akayasifu mawimbi, shingo ya Tweve ikaridhika. Enea akadonoa. Badala ya kulia *ting*, likalia *kra*.

"Kondoo huyu aliugua masika," alisema. "Unywele umedhoofu katikati. Shali itakatika kabla mtoto hajabatizwa."

Mwenye kondoo akainamisha kichwa. Ni kweli, aliugua.

Kufikia furushi la mwisho, shingo ya Tweve ilikuwa kama ya kuku aliyenyonyolewa. Macho yalikwisha kulikubali, sikio nalo. Tweve akalibana shingoni, akaruka.

"Linawasha!"

"Au ni paka tena?" Sekela akamtania.

"Cheka tu, shemeji. Paka hakuwasha."

Wakapekua chini kabisa. Kumbe palijificha vinywele vigumu, vifupi, vyeupe kama sufu yenyewe.

Bi. Luvanda akapakia mafurushi yaliyokubaliwa na wote watatu, akamshusha dume.

"Wangu," Sekela akawahi kamba. "Bila macho, vichanga wangevaa mkeka."

"Bila sikio wangevaa matambara," Enea akasema, naye akashika.

"Na bila shingo hii wangelia mpaka Krismasi!" Tweve akashika pembe.

"Basi mgawaneni," mtu akapaza sauti.

"Dume hugawanywa kwa kisu," Enea akamjibu.

Haya, nyinyi mnaosikiliza: macho, sikio na shingo, kila kimoja kilinasa kile ambacho vingine viwili vilikipitisha. Mngemfungulia dume zizi la nani?

Mkishindwa, msione haya. Hata wao watatu walilikimbilia gari, dume akiburutwa nyuma. "Mama, tuamulie!"

Bi. Luvanda akapandisha kioo nusu.

"Nilikuja kununua sufu. Kesi sinunui."