Kishimo cha Paji la Uso

Katika mji wa Zahurani, zama za Sultani Zubeiri bin Athmani, alikuwako mwashi jina lake Shekuwe, na mama yake Mwana Zena, wakiishi katika kiwanja kimoja chenye kisima. Kando ya kisima hicho yule mama alisali miaka arobaini bila mkeka, maana alipenda paji lake liguse udongo, hata ardhi ikafanya kishimo kidogo, kiasi cha kiganja cha mtoto.

Basi Sultani akatangaza kwamba atakayejenga msikiti wa kuipita yote ya pwani kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, atamwoza binti yake Badria. Naye Shekuwe alikuwa na pete ya shaba aliyoifukua magofuni, na ndani yake mlifungwa jini wa kutumika mara moja tu. Akaisugua, na jini akatokea.

"Labeka, bwana wangu. Taja yote usisahau, kwani sitarudi."

Shekuwe akataja kuba saba na minara miwili, na milango ya msaji iliyonakishiwa, na kibla alichokipima mwenyewe kwa uzi, na akataka yote yasimame pale pale kiwanjani kwao, kwa kuwa mjini hapakuwa na pengine penye upana. Jini akainama, akakitazama kile kishimo kitambo.

"Na hapa je? Pana paji la mtu."

Mama yake alikuwa amekwenda kumjulia hali mgonjwa. Shekuwe aliwaza kumngoja, kisha akawaza mwezi.

"Funika kwa marumaru," akasema.

Sultani alipokuja na wakuu wake akastaajabu, na akauliza jengo lile liitweje. Shekuwe akajibu kwamba ni Kasri la Nuru. Hapo Mwana Zena, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema, "Niwie radhi, Maulana. Waarabu walisema masjid, yaani mahali pa kusujudu, na ulimi wetu ukasema msikiti. Walitaja paji la uso, hawakutaja kuba."

Wakuu wakacheka, wakamwuliza kadhi tangu lini bibi kizee akamsomesha. Kadhi hakucheka. Akasema bibi amesema kweli.

Shekuwe akaisugua pete hata kidole kikachubuka, na jini hakuja. Akachukua patasi, na marumaru ya jini haikuingia hata mkwaruzo. Mama yake akamshika mkono.

"Acha, mwanangu. Radhi yangu unayo. Ila mahali pangu sinapo tena, nikuachie."

Mwana Zena hakuumaliza mwezi wa Ramadhani.

Shekuwe akamwoa Badria, akapata mali na watoto na heshima. Na kila alipokwenda sijida, paji lake lilikitafuta kile kishimo chini ya marumaru baridi, lisikione. Basi, enyi mliosikiliza, ajengaye na atazame kwanza anajenga juu ya nini. Nami ninyamaze hapa, alipoinamia Shekuwe.